Sikio la Alhamisi: Kundi la Inklings na Waandishi Wakristo wa Oxford

Inklings lilikuwa kundi la wasomi na waandishi Wakristo waliokutana mjini Oxford, Uingereza, tangu mapema miaka ya 1930 hadi mwaka 1949, kusomeana kazi walizokuwa bado wanaziandika. Halikuwa na katiba, ada, mwenyekiti wala daftari la kumbukumbu. Mtu aliingia kwa kualikwa, na alialikwa kwa sababu waliokuwamo walipenda kukaa naye. Waliofahamika zaidi ni C. S. Lewis, mhadhiri wa fasihi katika Chuo cha Magdalen, na J. R. R. Tolkien, profesa wa Kiingereza cha Kale. Walikuwamo pia Warren, kaka yake Lewis, ofisa mstaafu wa jeshi; Daktari Robert Havard; Hugo Dyson, mwalimu wa fasihi; Owen Barfield, wakili aliyefika mara chache kutoka London; na baadaye Charles Williams, mhariri wa vitabu. Hawakuwa wa dhehebu moja. Tolkien na Havard walikuwa Wakatoliki, Lewis, Dyson na Williams Waanglikana, na Barfield alishika mafundisho ya Rudolf Steiner, ambayo Lewis alikuwa amebishana naye juu yake kwa miaka mingi bila hata mmoja kumshinda mwenzake.

Desturi yao ilikuwa nyepesi kuieleza: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha wanasema walichokisikia. Anayejua utenzi unavyoghaniwa barazani, huyu akiguna na yule akiitikia, ataielewa upesi kuliko msomaji aliyezoea kitabu cha kusomwa kimya chumbani. Katika desturi hiyo vilipita baadhi ya vitabu vya Kikristo vilivyosomwa sana katika karne ya 20, na kimoja ambacho hakimtaji Kristo hata mara moja, yaani The Lord of the Rings.

Tolkien alikuja na desturi hiyo kutoka ujanani. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo, na baba yake akafariki upesi. Mama yake, Mabel, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1900. Ndugu walichukizwa, na msaada wa fedha aliokuwa akiupata ukakatwa. Alifariki kwa kisukari mwaka 1904, Tolkien akiwa na miaka 12, na watoto wakaachwa chini ya uangalizi wa Padri Francis Morgan wa Birmingham. Tolkien alimhesabu mama yake kuwa shahidi wa imani maisha yake yote. Ukatoliki wake ulikuwa wa mtu aliyeona imani ikilipiwa gharama nyumbani kwao, na pengine ndiyo sababu hakupenda kuihubiri waziwazi vitabuni.

Katika Shule ya King Edward's, Birmingham, yeye na wenzake walianzisha kikundi cha kunywa chai kwa siri maktabani. Baadaye walihamia mkahawa wa duka la Barrow, na kutokana na jina la duka hilo kikundi kikaitwa T.C.B.S. (Tea Club, Barrovian Society). Wanne ndio waliokuwa nguzo: Tolkien, Christopher Wiseman, Rob Gilson na G. B. Smith. Desemba 1914 walikutana London nyumbani kwa akina Wiseman, na Tolkien alisema baadaye kwamba ni baada ya kikao hicho alipoanza kuona kuwa ana jambo la kusema. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuanza. Gilson aliuawa tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Smith alifariki Desemba mwaka huohuo kwa majeraha ya vipande vya kombora. Mapema mwaka huo, akijiandaa kutoka kwa doria ya usiku, alikuwa amemwandikia Tolkien kwamba hata yeye akifa, angalau mmoja wao atabaki wa kuyasema yale ambayo wote waliyaota. Tolkien alishiriki kuyahariri mashairi ya Smith, yakachapishwa mwaka 1918. Tangu hapo kazi yake ilikuwa pia deni kwa marehemu, na aliiendeleza polepole, karibu bila msikilizaji, kwa zaidi ya miaka kumi.

Lewis alitoka upande mwingine kabisa. Alizaliwa Belfast mwaka 1898 katika familia ya Kiprotestanti, mama yake akafa kwa saratani mwaka 1908, na kufikia ujana alikuwa ameacha kumwamini Mungu. Aliyemsikiliza alikuwa mmoja tu: Arthur Greeves, jirani wa Belfast, mtu mwenye afya dhaifu asiyekuwa na ajira. Waliandikiana tangu 1914 hadi kifo cha Lewis. Greeves alizitunza barua alizopokea; Lewis, kwa tabia yake, aliziharibu alizotumiwa. Hivyo mazungumzo ya karibu miaka 50 yamesalia karibu ya upande mmoja tu, na sehemu ya yule aliyekuwa akimtia mwenzake moyo ndiyo iliyopotea.

Lewis na Tolkien walikutana Mei 1926 katika kikao cha walimu wa Kiingereza. Mwanzo haukuwa wa kupendana. Lewis aliandika kwa mzaha katika shajara yake kwamba jamaa huyu angefaidika na kofi moja au mawili. Baadaye alikiri kwamba kwao alilelewa asiwaamini Wakatoliki, na chuoni akafundishwa asiwaamini wataalamu wa historia ya lugha, na Tolkien alikuwa vyote viwili. Kilichowasogeza ni klabu aliyoianzisha Tolkien ya kusoma hadithi za kale za Iceland katika lugha yake. Mwishoni mwa 1929 Tolkien alifanya jambo alilolifanya kwa watu wachache sana: alimpa Lewis shairi lake refu, lenye maelfu ya mistari na ambalo halijakamilika, kuhusu Beren na Lúthien.

Lewis alilisoma usiku wa tarehe 6 Desemba, na kesho yake akamwandikia kwamba ni miaka mingi hajapata jioni ya raha kama ile. Kisha akatuma maoni ya kina, na namna alivyoyatuma inastahili kuangaliwa. Alijifanya kwamba shairi ni mswada wa kale uliogunduliwa, na kwamba wasomi kadhaa wa kubuni, akina Peabody, Pumpernickel na Schick, wamebishana juu ya mistari yake. Mstari alioona mbovu, mmoja wa wasomi hao alidai umeharibiwa na mnakili mzembe, akapendekeza ulivyopaswa kuwa. Mhakiki alikosoa bila kumvunjia heshima mtunzi, na mtunzi alicheka huku akisahihisha. Mistari mingi iliyotiwa alama Tolkien aliiandika upya. Kusifu peke yake kungemfurahisha kwa siku mbili tatu; kufanyiwa kazi kubwa kiasi hicho kulimwonyesha kwamba mwenzake ameichukua kazi yake kwa uzito.

Imani ya Lewis ilikomaa katika mahusiano hayohayo. Alikwisha kukubali kwamba Mungu yupo, kwa shingo upande, lakini habari za Kristo alizihesabu kuwa kisasili kizuri kama visasili vingine vya mungu anayekufa na kufufuka. Jioni ya tarehe 19 Septemba 1931 Tolkien na Dyson walikula naye chakula, kisha wakatembea katika njia ya miti iitwayo Addison's Walk, pembezoni mwa chuo chake. Hoja ya Tolkien ilikuwa kwamba visasili si uongo: mwanadamu aliyeumbwa na Mungu hubuni akiwa na chembe ya ukweli ndani yake, na kisasili cha Kristo kina tofauti moja tu na vingine, nayo ni kwamba kilitokea kweli. Tolkien aliondoka saa tisa usiku. Dyson aliendelea na mazungumzo kwa saa moja zaidi. Siku tisa baadaye Lewis alisafiri kwenda hifadhi ya wanyama ya Whipsnade, amekaa katika kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake. Aliondoka nyumbani akiwa hajaamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu, akafika akiwa ameamini. Siku ya Krismasi ya mwaka huo alishiriki meza ya Bwana katika parokia ya Headington Quarry. Siku hiyohiyo Warren, aliyekuwa amepelekwa Shanghai kikazi, naye alishiriki huko, na hakuna kati yao aliyejua la mwenzake.

Jina Inklings lilikuwa la watu wengine. Mwanafunzi Edward Tangye Lean alikuwa na klabu ya kusomeana miswada, na Lewis na Tolkien walihudhuria. Lean alipomaliza masomo mwaka 1933 klabu ilikufa, jina likahamia kwa kundi lililokuwa likijijenga kumzunguka Lewis. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya fununu, na ndani yake mna neno la wino; Tolkien alifurahia utani huo.

Vikao vya kusoma vilikuwa Alhamisi usiku, katika vyumba vya Lewis kwenye jengo liitwalo Jengo Jipya, ambalo lilijengwa mwaka 1733. Samani zilikuwa kuukuu. Warren aliandaa chai nzito, viko vikawashwa, kisha Lewis akauliza kama hakuna mwenye kitu cha kusoma. Ndipo mtu alipotoa karatasi zake. Jumanne asubuhi walikutana tena katika chumba cha nyuma cha baa ya Eagle and Child, lakini hapo palikuwa kijiwe cha maongezi, vicheko na bia. Miswada ilingoja Alhamisi. Watalii wengi walioiendea baa hiyo walidhani ndimo vitabu vilimosomwa.

Barua ya Lewis ya Novemba 1939 kwa kaka yake, aliyekuwa amerudishwa jeshini, inaeleza kikao kimoja. Tolkien alisoma sehemu ya The Lord of the Rings, kitabu kilichokuwa bado kinaitwa Hobbit mpya. Williams alisoma igizo la Kuzaliwa kwa Yesu, ambalo safari hiyo, anasema Lewis, lilieleweka. Lewis mwenyewe alisoma sura ya kitabu chake kuhusu maumivu. Aliona kwamba kazi hizo tatu, ingawa hazikupangwa, zilifuatana kama mazungumzo ya jambo moja. Kitabu hicho, The Problem of Pain, kilitoka mwaka 1940, kikiwa kimetabarukiwa kwa Inklings na kikiwa na nyongeza ya Dk. Havard kuhusu maumivu kama tabibu ayaonavyo. The Screwtape Letters, kilichofuata mwaka 1942, kilitabarukiwa kwa Tolkien.

Kusifiana hakukuwa sharti. Warren aliandika miaka mingi baadaye kwamba kazi nzuri ilisifiwa kwa moyo na kazi mbovu iliambiwa hivyo waziwazi, kiasi kwamba kusoma mbele ya kundi lile kulihitaji ujasiri. Mtu alijua kwamba anayemkosoa leo ndiye atakayekaa kitini kukosolewa wiki ijayo. Pia walisukumana nje ya chumba. Mwaka 1938 Lewis na Tolkien walimpigia debe mwenzao Adam Fox, kasisi wa Magdalen, hadi akachaguliwa Profesa wa Ushairi wa Oxford, ingawa ushairi wake haukuwa na sifa kubwa. Hapo kutiana moyo kulikaribia kuwa upendeleo mtupu.

Charles Williams alikuwa kisa cha peke yake. Alilazimika kuacha masomo ya chuo kikuu mjini London kwa kukosa fedha, akaajiriwa mwaka 1908 na Oxford University Press katika ofisi zake za London, na katika shirika hilo akafanya kazi hadi kufa. Mapema 1936 Lewis alisoma riwaya yake The Place of the Lion na kumwandikia barua ya kuipongeza, ingawa hawakuwa wamewahi kuonana. Williams naye, wakati uleule, alikuwa akipitia kazini kurasa za kitabu cha Lewis, The Allegory of Love, na alikuwa karibu kuandika barua ya namna hiyohiyo. Vita vilipozuka Septemba 1939 ofisi yake ilihamishiwa Oxford, na Lewis akamwingiza Inklings mara moja. Kisha akafanya mpango apewe nafasi ya kufundisha. Mtu asiye na shahada alisimama mbele ya wanafunzi wa Oxford kueleza ushairi wa Milton, na mwaka 1943 chuo kikuu kikamtunuku shahada ya heshima.

Fundisho alilolishikilia Williams lilihusu kubebeana mizigo, na alilichukua kwa maana ya moja kwa moja: Mkristo anaweza kukubaliana na mwenzake kuibeba hofu au huzuni yake, kama mtu anavyompokea mwingine mzigo njiani. Riwaya yake Descent into Hell ya mwaka 1937 imejengwa juu ya wazo hilo. Si wote walioshawishika. Tolkien alimpenda mtu lakini hakuvielewa vitabu vyake, na katika uzee alionekana kuona kwamba Williams alikuwa amemvuta Lewis mbali naye. Williams alifariki ghafla hospitalini tarehe 15 Mei 1945, wiki moja baada ya vita kwisha Ulaya. Wenzake walikusanya insha zilizokusudiwa awali kumpongeza, wakazitoa mwaka 1947 kama kumbukumbu, na mapato yakaenda kwa mjane wake. Insha ya Tolkien kuhusu hadithi za ajabu, ambayo leo husomwa kama maelezo ya imani yake ya kisanaa, imo katika mkusanyo huo.

Kazi iliyoonyesha zaidi nguvu ya sikio ni The Lord of the Rings. Kitabu kilichokitangulia, The Hobbit, kilitoka Septemba 1937 baada ya Rayner, mtoto wa miaka 10 wa mchapishaji Stanley Unwin, kuusoma mswada na kuusifu kwa ujira wa shilingi moja. Lewis alikuwa ameusoma tangu 1933, na ulipochapishwa akauandikia uhakiki katika magazeti mawili. Wachapishaji walitaka mwendelezo, na Tolkien akaanza Desemba 1937. Ilimchukua miaka 12. Alikuwa mwandishi wa kukwama: alirudi nyuma kusahihisha jina, tarehe au mwandamo wa mwezi, na sura moja ikaandikwa mara nne. Kuna wakati aliiacha kazi kwa mwaka mzima au zaidi. Lewis aliuliza sura inayofuata iko wapi, akauliza tena, na hakukubali udhuru. Masika ya 1944 ndipo Tolkien alipokivuta tena kitabu, akisoma sura mpya kwa Lewis na Williams asubuhi, huku nakala zikitumwa kwa mwanawe Christopher, aliyekuwa Afrika Kusini akifunzwa urubani. Mwishoni mwa Mei alimsomea Lewis sura za wahusika Frodo na Sam kwenye mpaka wa nchi ya adui, Lewis akatokwa na machozi.

Inafaa kutenganisha kusukuma huku na kuelekeza. Lewis mwenyewe alisema kwamba Tolkien haelekezwi na yeyote; akikosolewa hufanya moja kati ya mawili, ama kupuuza kabisa ama kuanza kazi yote upya. Hakuna sura ya kitabu hicho inayosomeka kama ya Lewis. Alichokitoa kilikuwa hamu ya kusikia, na kwa mtu aliyeamini kwamba anachokiandika ni mchezo wake wa faragha, hamu ya mwingine ndiyo iliyomhakikishia kwamba si mchezo. Hofu ya kufa kazi ikiwa nusu Tolkien aliiweka katika hadithi fupi, Leaf by Niggle, iliyotoka Januari 1945: mchoraji anataka kukamilisha mti mmoja mkubwa, jirani anamkatiza kila mara kwa shida zake, na safari asiyoweza kuikwepa inamchukua kabla hajamaliza.

Chumba kilikuwa na mipaka yake. Dyson, yuleyule aliyekesha na Lewis mwaka 1931, alichoshwa na wahobiti wa kitabu cha Tolkien. Alijinyoosha kwenye kochi akiguna, na kufikia 1947 ilikuwa imekubalika kwamba akiwapo, kitabu hicho hakisomwi. Tolkien hakuwa msomaji mzuri pia. Alisoma haraka na kwa kumung'unya maneno. Christopher aliporudi na kukaribishwa kundini ndiye aliyesoma kwa niaba ya baba yake, na wengi walikiri kwamba walimwelewa yeye zaidi. Mwaka 1949 zamu iligeuka. Lewis alimsomea Tolkien mwanzo wa The Lion, the Witch and the Wardrobe, na Tolkien hakuupenda hata kidogo: aliona visasili vya asili tofauti vimechanganywa hovyo. Mtu aliyesikilizwa kwa miaka 20 alishindwa kusikiliza. Lewis alijeruhika na akaanza kujitilia shaka. Roger Lancelyn Green, mwandishi wa vitabu vya watoto na mwanafunzi wake wa zamani, ndiye aliyemhimiza amalize, na vitabu saba vya Narnia vikatoka kati ya 1950 na 1956.

Wanawake hawakualikwa kabisa. Lililopotea kwa uamuzi huo laweza kupimwa kwa Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyeiandikia BBC mfululizo wa maigizo ya maisha ya Yesu, The Man Born to Be King, uliotangazwa tangu Desemba 1941 hadi Oktoba 1942. Kabla haujaanza ulipingwa na Wakristo waliokasirishwa kwamba Yesu ataigizwa na kuzungumza Kiingereza cha kila siku. Lewis alimwandikia kumsifu, na alikisoma kitabu cha maigizo hayo kila Juma Takatifu. Mwaka 1944, baada ya kusoma kitabu cha Williams kuhusu mshairi Dante, Sayers aliuchukua ushairi wa Dante na kuusoma hadi kwenye mahandaki ya kujikinga na mabomu. Alijifundisha Kiitaliano cha kale akiwa na miaka zaidi ya 50, akamwandikia Williams barua ndefu ndefu, kisha akaanza kutafsiri. Sehemu ya Jehanamu ilitoka mwaka 1949 na ya Toharani mwaka 1955. Alifariki Desemba 1957 kabla ya kuimaliza Paradiso, na rafiki yake Barbara Reynolds, mtaalamu wa Kiitaliano, akaimalizia mwaka 1962. Urafiki huo ulipita zaidi kwa posta, bila kiti hata kimoja katika chumba cha Alhamisi.

Vita vilipokwisha, mgawo wa chakula uliendelea kwa miaka kadhaa, na vikao vikapata uhai wa mwisho kutoka jikoni. Daktari mpasuaji wa Baltimore, Marekani, Warfield Firor, aliyependa vitabu vya Lewis, alimtumia mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa. Wana Inklings walikula karamu, wakamwandikia barua ya shukrani na wote wakatia saini. Lakini usomaji ulipungua. Alhamisi ya tarehe 27 Oktoba 1949 Warren aliandika katika shajara kwamba hakuna aliyekuja. Lewis alikuwa na mafua na akashukuru kulala mapema. Tarehe hiyohiyo alimwandikia Tolkien kwamba amemaliza kuusoma mswada mzima wa The Lord of the Rings, na kwamba miaka yote ile haikupotea bure. Vikao vya Alhamisi havikufufuka. Kijiwe cha baa kiliendelea hadi Lewis alipofariki.

Kitabu kilitoka katika juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955. Aliyekipigania ni Rayner Unwin, yule mtoto wa shilingi moja, sasa mtu mzima. Alimwonya baba yake kwamba huenda wakapata hasara ya pauni 1,000, akaruhusiwa kuendelea kama kweli anaamini kazi ile. Dibaji ya toleo la kwanza iliwataja Inklings kwa shukrani. Wakati huo Lewis na Tolkien hawakuwa karibu kama zamani: Lewis alikuwa amehamia Cambridge, na baadaye alioa bila kumwambia mwenzake. Hata hivyo, Januari 1961, alipoombwa kupendekeza jina kwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alimpendekeza Tolkien. Tuzo ilikwenda kwa Ivo Andrić, na pendekezo hilo lilijulikana hadharani nyaraka zilipofunguliwa miaka 50 baadaye.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963. Tolkien alimwandikia binti yake kwamba hadi wakati huo alikuwa amejiona kama mti mzee unaopukutisha majani moja moja, lakini pigo hili lilikuwa la shoka karibu na mizizi. Mwaka 1965, katika barua kwa msomaji wa Marekani, alieleza kwamba deni lake kwa Lewis halilipiki, na kwamba halikuwa deni la kuathiriwa kama watu wanavyodhani. Lilikuwa la kutiwa moyo tu, kwa kuwa kwa muda mrefu Lewis alikuwa hadhira yake pekee.

Tolkien aliishi miaka kumi zaidi, hadi Septemba 1973, akiwa na fedha, wasomaji wengi duniani na wachapishaji waliokuwa wakisubiri The Silmarillion, kazi aliyoianza enzi za Gilson na Smith. Alichora nasaba, akachambua majina, akaandika upya mwanzo. Hakuimaliza. Kitabu kilitoka mwaka 1977, kimepangwa kutoka katika masanduku ya miswada na Christopher, aliyekuwa mmoja wa wasikilizaji wadogo zaidi katika chumba cha Magdalen.